Kuisoma Sensa ya Oksijeni: Namna ya Kufuatilia Mchanganyiko wa Hewa na Petroli Katika Injini

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi, na mashine ya kupima ikatoa msimbo unaohusu oksijeni, hukumu anayosomewa mwenye gari katika gereji nyingi huwa ni moja: oksijeni sensa imekufa, kanunue nyingine. Kwa miaka niliyofanya kazi ya ufundi hapa Tanga nimeona sensa nzima zikitupwa, na wenye magari wakirudi baada ya wiki mbili na taa ileile, mfuko ukiwa umetoboka. Mjumbe hauawi. Sensa hii imewekwa ili ilete habari kutoka ndani ya ekzosi, na habari mbaya si ushahidi kwamba aliyeileta ni mgonjwa. Mwongozo huu, unaohusu magari ya petroli peke yake, unaeleza namna ya kuisoma habari hiyo mwenyewe kabla hujatoa fedha ya kununua chochote.

Sensa inapima nini hasa

Ili petroli iungue yote bila kubakisha mafuta wala hewa, kila kilo 1 ya petroli inahitaji hewa yenye uzito wa takriban kilo 14.7. Kwa kipimo tunachokijua sote pale sheli, lita 1 ya petroli humaliza karibu lita 9,000 za hewa, na ndiyo maana tundu dogo la hewa lisilotarajiwa linaweza kuvuruga injini kuliko watu wanavyodhani. Uwiano huo kamili wahandisi huuita lambda 1, kwa jina la herufi ya Kigiriki. Lambda ikipanda juu ya 1, hewa imezidi. Ikishuka chini ya 1, petroli imezidi. Kichocheo kilichomo ndani ya ekzosi, ambacho mafundi wengi hukiita masega, husafisha moshi vizuri pale tu lambda inapokaa karibu kabisa na 1, na hitaji hilo ndilo lililoifanya kampuni ya Bosch itengeneze sensa hii, ikafungwa kwanza katika magari ya Volvo yaliyokusudiwa soko la Marekani mwaka 1976.

Jambo la kushika kuliko mengine yote ni kwamba sensa haioni petroli hata tone moja. Inachohisi ni oksijeni iliyobaki kwenye moshi baada ya moto kuwaka. Plagi moja isipowaka, petroli ya silinda ile hutoka ikiwa mbichi, lakini na oksijeni yake yote hutoka nayo. Sensa itasema hewa imezidi, ingawa ekzosi inanuka petroli hadi nje ya geti. Sensa haikusema uongo. Sisi ndio tuliouliza swali la petroli kwa mtu aliyetumwa kuhesabu oksijeni.

Ndani ya kichwa chake chenye matundu mna kidole cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platinamu pande zote mbili. Upande mmoja huguswa na moshi, na upande wa pili huguswa na hewa ya kawaida ya nje, yenye oksijeni ya asilimia 21 hivi. Kauri ikishapata joto la zaidi ya nyuzi 300, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzalisha umeme mdogo. Petroli ikizidi, moshi unakuwa karibu hauna oksijeni, tofauti inakuwa kubwa, na umeme hufika volti 0.8 au 0.9. Hewa ikizidi, umeme hushuka hadi volti 0.1 au 0.2. Mpaka uliopo kati ya hali hizo ni volti 0.45, na sensa hairuki mpaka huo polepole. Huuvuka ghafla, kama swichi. Kompyuta ya gari nayo hufanya kazi ya kuvuta na kulegeza: ikisikia petroli imezidi inapunguza, ikisikia hewa imezidi inaongeza, na kwa hiyo sensa iliyo nzima hucheza juu na chini bila kupumzika.

Tambua kwanza gari lako lina sensa ya aina gani

Magari mengi yaliyotengenezwa katika miaka ya karibuni yana sensa mbili: namba 1 kabla ya masega na namba 2 baada ya masega. Namba 1 ndiyo inayosimamia mchanganyiko. Namba 2 ipo kwa ajili ya kuyakagua masega yenyewe, na inapokuwa nzima hutulia karibu na volti 0.6 au 0.7 gari likitembea kwa mwendo wa kawaida. Nasisitiza hili kwa sababu utulivu huo umewaponza wengi. Wameisoma namba 2, wakaiona haichezi, wakaihukumu kufa. Ikiwa namba 2 inacheza sawasawa na namba 1, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi, kwa kuwa maana yake masega yamechoka au yalikwishatolewa.

Magari mengine, hasa Toyota nyingi za baada ya mwaka 2000, yamefungwa sensa ya masafa mapana mahali pa namba 1. Hii haichezi kama swichi, bali hupima uwiano wenyewe, na lugha yake ni ya kinyume. Katika Toyota, mashine inayosoma data kamili huonyesha volti 3.3 pale mchanganyiko unapokuwa sawa. Namba ikipanda, hewa imezidi, na ikishuka, petroli imezidi. Baadhi ya programu za simu hugawa namba hiyo kwa tano na kuonyesha volti 0.66. Fundi asiyelijua hili huona 0.66 imesimama tuli, akaamini petroli imezidi na sensa imekwama, ilhali gari halina tatizo lolote. Sensa ya aina hii usiipime kwa mita kwenye waya wa ishara. Isome kwa kompyuta tu.

Vifaa na maandalizi

Utahitaji kisomaji kidogo cha ELM327 kinachoingia kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, simu yenye programu kama Torque au Car Scanner, mita ya kidijitali, tochi, na chupa ya maji ya sabuni. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana soketi hiyohiyo lakini hayazungumzi lugha ya kisomaji hiki; kwa magari hayo utategemea mita, au mashine kubwa ya gereji.

Egesha gari nje, penye upepo. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki, na inaua ndani ya chumba kilichofungwa. Washa injini, iache ipate joto kamili, zima kiyoyozi na taa, kisha kanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na uishikilie hapo kwa dakika 2 ili sensa nayo ipate moto. Injini ikiwa baridi, kompyuta haiisikilizi sensa kabisa. Hufuata hesabu iliyoandikwa kiwandani. Namba utakazozisoma wakati huo hazina maana, na huko ndiko makosa mengi ya upimaji yanakoanzia.

Kusoma mchoro na marekebisho

Katika programu chagua sensa namba 1 ya upande wa kwanza, uifungue kama mchoro. Kwa sensa ya kawaida, ukiwa bado kwenye mizunguko 2,500, mstari unapaswa kupanda karibu na 0.8 na kushuka karibu na 0.2, mara 8 au zaidi katika sekunde 10. Sasa kanyaga mafuta kwa ghafla: mstari uruke juu. Achia: kompyuta itakata petroli kwa muda mfupi, na mstari uanguke karibu na sifuri. Sensa inayojibu haraka maswali hayo mawili iko hai. Ikijibu kwa uvivu, imezeeka. Isipojibu kabisa, tutaikagua kwa mita hapo chini.

Baada ya hapo fungua namba zinazoandikwa STFT na LTFT. Hizi ni marekebisho ya petroli, ya muda mfupi na ya muda mrefu, kwa asilimia. Namba chanya inamaanisha kompyuta inaongeza petroli kwa sababu sensa imeripoti oksijeni nyingi. Namba hasi inamaanisha inapunguza. Zijumlishe pamoja. Jumla ikibaki ndani ya 5 kwa upande wowote, injini iko vizuri. Ikifika 10, anza kufuatilia. Ikikaribia 25, usishangae kuiona taa ikiwaka kwa msimbo P0171, hewa kuzidi, au P0172, petroli kuzidi. Kwa maoni yangu namba hizi mbili zina thamani kuliko msimbo wowote, kwa sababu msimbo hukwambia tatizo lipo, lakini marekebisho hukwambia tatizo linapenda kuonekana wakati gani.

Zisome injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, kisha kwenye mizunguko 2,500, kisha gari likiwa na mzigo barabarani, na uziandike kwenye karatasi. Katika gari linalopima hewa yake mlangoni kwa sensa ya hewa, namba ikiwa chanya sana kwenye sailensa na ikashuka unapokanyaga mafuta, tafuta hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma: mpira wa vakyumu uliopasuka, gasketi ya manifoldi ya hewa (bomba linaloigawia hewa kila silinda), au kifuniko cha oili kisichokaza. Tundu lilelile huingiza hewa nyingi kwa uwiano injini ikiwa tulivu, na hewa kidogo kwa uwiano injini ikivuta kwa nguvu. Hali ikiwa ya kinyume, yaani namba nzuri kwenye sailensa lakini inapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, ishuku pampu ya mafuta au chujio lake. Gari la namna hiyo unaweza kulizungusha mjini Tanga siku nzima bila kuona kasoro, kwa kuwa mji ni tambarare. Lipeleke Mombo ulipandishe Lushoto likiwa na abiria wanne, na pampu iliyochoka itajitaja kabla hujafika juu. Namba ikiwa chanya kila mahali, safisha kwanza sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu.

Namba hasi zina sababu zake: nozeli zinazovuja, presha ya mafuta iliyopita kiasi, sensa ya joto la maji inayoidanganya kompyuta kwamba injini bado baridi, au oili iliyoingiliwa na petroli na kutoa mvuke wake. Ea klina chafu hutajwa sana, lakini katika injini za sindano za kielektroniki hewa hupimwa baada ya kupita kwenye klina, hivyo uchafu wake hupunguza nguvu kuliko unavyozidisha petroli. Ibadilishe kwa ajili ya afya ya injini, usiitegemee ikuondolee msimbo.

Sensa na plagi zinapopingana

Mama mmoja anayeleta machungwa mjini kutoka Muheza aliniletea Toyota Probox yenye msimbo P0171. Mahali pengine alikuwa amekwishabadilishiwa sensa namba 1 mara mbili. Marekebisho kwenye sailensa yalisoma +24. Kwa mujibu wa sensa, injini ilikuwa inakufa njaa ya petroli. Nilipofungua plagi nilizikuta zote nne nyeusi tii, masizi yake yakipaka vidole kama sufuria iliyopikiwa kuni. Petroli ilikuwa nyingi, na sensa inasema ni kidogo.

Upinzani wa namna hiyo ni zawadi kwa anayechunguza, kwa sababu unapunguza orodha ya washukiwa. Sababu kubwa ni tatu: silinda isiyowaka vizuri, sensa yenyewe kuharibika, au hewa ya nje kuingia kwenye ekzosi kabla ya sensa. Moshi hautoki kwenye ekzosi kwa mkondo ulionyooka; hutoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo presha hushuka, ufa ukanyonya hewa ya nje. Sensa huihisi oksijeni hiyo na kuiripoti, kompyuta huongeza petroli, plagi hujaa masizi, na gari hula mafuta kwa sababu ya ufa ambao hauhusiani na mafuta.

Niliiacha ile Probox ilale kwangu ili injini ipoe kabisa. Asubuhi nilinyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya ekzosi, nikamwomba msaidizi awashe na kuziba mdomo wa nyuma wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Kwenye boliti ya pili ya manifoldi ya ekzosi mapovu madogo yalianza kuchemka. Nilipomulika tochi, pembeni ya boliti ile palikuwa na mchirizi wa masizi, mwembamba kama mstari wa kalamu, ukionyesha mahali moshi ulipokuwa ukipenya. Boliti ilikuwa imeliwa na kutu hadi imelegea, na gasketi nyuma yake ilikuwa imeungua. Hewa ya chumvi inayovuma kutoka baharini haizihurumii boliti za ekzosi, na gari linalolala karibu na ufukwe, kama kule Raskazone, linastahili ukaguzi huu kila mwaka.

Kupima kwa mita

Ukiamua kuipima sensa yenyewe, zijue nyaya zake kwanza. Sensa nyingi zina nyaya nne, na mbili zenye rangi moja ni za hita, inayoipasha sensa moto. Katika sensa za Denso, hita ni nyaya mbili nyeusi, ishara ni waya wa buluu, na hasi ni waya mweupe. Katika sensa za Bosch, hita ni nyaya mbili nyeupe, ishara ni waya mweusi, na hasi ni wa kijivu. Angalia mtego uliopo hapo: mweusi ni hita kwa mmoja na ni ishara kwa mwingine. Ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya soketi bila kutoboa ganda la waya, na kamwe usiguse waya wa ishara kwa taa ya kupimia.

Hita hupimwa injini ikiwa imezimwa na soketi imechomolewa. Omu kati ya nyaya za hita hutofautiana kwa gari na gari, lakini kwa sensa iliyopoa huwa ni chache, kwa kawaida kati ya 2 na 20. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika, hita imeungua, na hapo sensa inabadilishwa bila mjadala. Hita ikiwa nzima na msimbo P0135, unaohusu hita hiyo, ukaendelea, kagua fyuzi na umeme wa volti 12 unaofika kwenye soketi ya upande wa gari.

Soketi zenyewe huota ukungu wa kijani kwa ajili ya chumvi. Zisafishe kwa dawa ya viungio vya umeme inayokauka yenyewe, usipake grisi wala kupulizia WD-40, kwa sababu sensa nyingi huvuta hewa yao ya kulinganishia kupitia nafasi iliyo katikati ya nyuzi za waya na ganda lake. Ukiziba njia hiyo kwa mafuta, au kwa risasi ya kulehemu, umeinyima kipimo chake. Nyaya ziunganishwe kwa viungio vya kubana. Adui mwingine ni silikoni. Gundi ya gasketi isiyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa hutoa mvuke unaofunika kauri kwa utando mweupe, na sensa iliyofunikwa hivyo haisafishiki.

Ikilazimu kubadilisha, ifungue sensa injini ikiwa vuguvugu, kwa spana ya milimita 22, baada ya kuipulizia dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi. Itazame ncha ya ile ya zamani: masizi makavu ni petroli kuzidi, utando wa kahawia wenye mafuta ni injini inayokula oili. Ukifunga mpya bila kutibu chanzo, nayo itakufa kifo hichohicho. Grisi ya kuzuia kukwama ipakwe kwenye nyuzi za skrubu tu, isiguse ncha.

Uthibitisho barabarani

Ukimaliza matengenezo, futa kumbukumbu ya kompyuta, kisha tembea kilomita kadhaa ili ijifunze upya. Anayeendesha asishike simu; namba zisomwe na mwenzake. Kwa Probox ile, baada ya gasketi mpya na boliti mpya, tulikwenda hadi Muheza na kurudi. Kabla ya Pongwe jumla ya marekebisho ilikuwa +6, na tuliporudi mjini ilikuwa imetulia kwenye +2, sailensa na barabarani. Mama yule alikuwa bado ameitunza sensa ya kwanza kabisa ya gari lake kwenye droo ya dashibodi, ndani ya mfuko wa rambo. Niliifunga jioni ileile ili niione inavyofanya kazi, nikashikilia mizunguko 2,500. Ilipanda na kushuka mara 9 katika sekunde 10, na kwa ridhaa yake nikaiacha hapohapo.